Kamusi ya Nyaya

Gari lilipoteremshwa bandari ya Malindi lilikuwa bado likisema Kijapani. Kila lilipotiwa ufunguo, sauti ya mwanamke, ya upole na isiyo na haraka, ilitoka chini ya deshibodi, ikatamka sentensi moja, ikanyamaza. Abiria wakaifasiri kila mmoja kwa kadiri ya moyo wake. Mmoja alisema ni salamu. Mwengine akasema ni dua ya safari. Kijana mmoja wa kituoni, aliyezoea kuchekesha watu, akasema mwanamke huyo anamuulizia mwenye gari wa kwanza kaenda wapi. Kumbe sentensi ile haikuwa na salamu wala dua. Ilikuwa ikiarifu tu kwamba kadi ya ETC haijatiwa. ETC ni mtambo wa kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani pasi na gari kusimama, ulioanza kutumiwa na umma mwaka 2001, na barabara ya Nungwi haina ushuru wa namna hiyo. Basi gari likaendelea, asubuhi baada ya asubuhi, kulalamikia kadi ambayo hapana mtu kisiwani atakayeitia.

Lilikuwa Toyota Noah la viti vinane, na dereva wake alilichukua kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni uwanja wa ndege na kuwafikisha mahotelini, Nungwi na Kendwa. Katikati ya deshibodi palikuwa na kiwambo kilichokuja na gari, chenye ramani, lakini ramani ile ilikuwa ya Japani peke yake: Bububu haimo, Mahonda haimo. Betri ilipokufa na kutiwa nyengine, kiwambo kikasahau kila kitu na kuanza kudai kadi ya ramani, nayo kadi ilikuwa imebaki kwa mwenyewe wa zamani au imepotea njiani. Tangu siku hiyo kikawa kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi. Redio yenyewe tangu hapo ilikuwa nusu kiziwi, kwa kuwa masafa ya FM ya redio za Kijapani za rika lile huanza 76 na kukoma 90, ilhali stesheni za Afrika Mashariki hukaa kati ya 88 na 108. Kilichosikika ni kile kipande chembamba tu ambapo masafa hayo mawili hukutana.

(Wengi siku hizi husema skrini. Kiwambo ni neno la wapiga ngoma kabla halijawa la watazamaji, maana kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mzinga. Halikukosea kuhama.)

Dereva akanunua kiwambo chengine, cha mtumba. Duka la Darajani lilimuuzia cha inchi saba chenye kucheza DVD, pamoja na vidogo viwili vya kufungwa nyuma ya viti vya mbele. Vyote viling'olewa katika gari jengine, na aliyeving'oa hakuwa na subira: alizikata nyaya kwa koleo, akaacha mikia ya shubiri moja moja. Kitabu cha maelezo hakikuwepo. Dereva alitaka wageni wake waone pomboo wa Kizimkazi na wasikie taarabu tangu uwanja wa ndege, kwa sababu mwenye hoteli mmoja alikwisha mwambia waziwazi kwamba magari yenye video ndiyo yatakayopewa kazi. Kwake yeye haikuwa pumbao. Marejesho ya mwezi ule yalikuwa yamo ndani ya kiwambo hicho.

Fundi aliyekwenda kwake anafanya kazi chini ya mkungu, Mlandege, kwenye meza iliyojaa matumbo ya redio. Umri wake umepita miaka sitini. Shule aliiacha mapema; chuo cha Kurani alikimaliza. Ufundi wa umeme hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuzifungua redio zilizokufa, kisha kaseti, kisha televisheni, na magari ya Kijapani yalipojaa kisiwani akayaingia magari. Katika droo yake kuna daftari kubwa la jalada gumu. Kila ukurasa ni wa aina moja ya gari: soketi imechorwa kwa kalamu ya wino, vitundu vimehesabiwa, na kila kitundu kimeandikiwa rangi ya waya wake na kazi ya waya huo. Maandishi ni Kiswahili. Hati ni ya Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto, bila irabu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuandika jambo lake la haraka.

Wasomaji wa tungo za kale hawatashangaa. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 uliandikwa kwa hati hiyo, na tungo za Muyaka zilihifadhiwa kwa hati hiyo kabla hazijaingia katika herufi za Kilatini. La kushangaza ni jinsi mlango ulivyofungwa upesi. Mpwa wa fundi, kijana anayemsaidia kazi, anaisoma Kurani vizuri, kwa tajwidi, lakini daftari la mjomba wake hakuweza kulisoma. Msahafu una irabu zake juu na chini ya kila herufi. Kiswahili kilichoandikwa kwa haraka hakina, na zaidi ya hayo herufi moja hubeba sauti nyingi: ile ya be husimama kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Asiyelijua neno tangu mwanzo hawezi kulisoma.

Siku dereva alipofika, fundi alikuwa Makunduchi mazikoni.

"Miye nna wageni kesho saa moja asubuhi," dereva akamwambia kijana. "Kama huwezi, sema, nende kwengine."

Kijana akasema anaweza. Alichokuta kilikuwa hivi. Upande wa gari palikuwa na soketi mbili, moja ya pini 10 na nyengine ya pini 6, zenye nyaya za rangi rangi. Upande wa kiwambo palikuwa na mikia iliyokatwa, nayo ya rangi rangi. Akaunga nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi. Ni hoja inayoingia akilini, na kila aliyeanza kazi hii aliwahi kuifuata. Akawasha. Kiwambo hakikuonesha hata nukta.

Haikuwezekana kionyeshe. Viwambo vinavyouzwa peke yake madukani vina lugha yao ya rangi: njano ni umeme wa kudumu unaotoka betrini, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo unapozungushwa, nyeusi ni ethi. Toyota ana lugha yake. Katika soketi zake, umeme wa kudumu aghalabu hupita kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, na ethi ni kahawia. Nyekundu na nyeupe za Toyota ni spika ya nyuma kulia. Nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto. Kijana alikuwa amekiomba kiwambo kile chakula kutoka kwenye spika.

Mfasiri yeyote anaujua mtego huu. Kiarabu kina neno hasra, na Kiswahili kina neno hasira; la pili ni mtoto wa la kwanza, na sura zao hazijaachana. Lakini hasra ya Waarabu ni majuto, uchungu wa jambo lililokwisha pita, na hasira ya Waswahili ni ghadhabu. Anayeunga neno kwa neno kwa kutazama rangi atamfanya mtu anayelia aonekane anagomba. Ubeti utasomeka, vina vitatimia, na hapana atakayejua kwamba spika imepewa kazi ya betri, ila yule anayezijua lugha zote mbili.

Kijana hakukata tamaa, na hapo ndipo alipoharibu. Alichukua taa ya kupimia, akatafuta waya wa gari wenye umeme, akaupata ule wa buluu wenye mstari wa njano. Kwenye kiwambo palikuwa na waya wa buluu. Akauunga. Lakini buluu ya kiwambo haipokei umeme. Kazi yake ni kutoa, kuiamsha antena au amplifaya pale redio inapowashwa. Umeme wa betri ukaingia kwa mlango wa kutokea. Kiwambo kilikuwa na fyuzi yake, lakini fyuzi ile ilikaa kwenye waya wa njano na haikuona kitu. Fyuzi ya gari nayo ilikuwa kubwa mno kushtuka. Transista ndogo ikaungua kimya kimya kabla ya yote mawili. Ikatoka harufu ile ambayo mafundi huijua hata wakiwa usingizini.

Kilikuwa na kibandiko kimoja mkiani, cha waya wa rangi ya chungwa, kimeandikwa ILL. Kijana anakijua Kiingereza kuliko mjomba wake. Akamwambia dereva, kwa dhati kabisa, kwamba waya huo ni mgonjwa, kiwandani wamekwisha uandika. ILL ni kifupi cha neno la mwanga: ni waya unaokiambia kiwambo kwamba taa za gari zimewashwa, usiku umeingia, kipunguze ung'avu kisimuumize dereva macho. Dereva akaamini kwamba ameuziwa kitu kibovu. Akarudi dukani Darajani kugombana na mtu asiye na hatia.

Asubuhi ya pili wageni walichukuliwa na gari jengine.

Fundi aliporudi alikitazama kiwambo, akazitazama nyaya, akamtazama mpwa wake, na usoni pake haikujulikana kama ni hasira au ni hasra. Hakusema kitu mpaka alipokwisha kuzifungua zote. Kisha akamwita.

"Umeziuliza?"

"Nimezitazama rangi, Mjomba."

"Rangi ni nguo. Mtu akivaa kanzu ndiyo keshakuwa imamu?"

Kuuliza, kwa lugha ya fundi huyu, ni kupima, na namna yake ni hii. Kibanio cha taa ya kupimia hushikizwa kwenye chuma tupu cha bodi. Ufunguo umetolewa. Ncha hupitishwa waya baada ya waya. Unaowasha taa ilhali gari limelala ndio wa kudumu. Ufunguo huzungushwa hatua moja. Taa ikiwaka mahali papya, huo ndio wa ufunguo. Taa kubwa za gari huwashwa. Waya unaoamka pamoja nazo ndio ule "mgonjwa". Kwa ethi, kibanio huhamishiwa penye umeme, na ncha ndiyo hutafuta pa kumalizia njia. Spika haziulizwi kwa taa. Betri kavu ya volti moja na nusu huguswa kwenye nyaya mbili kwa nukta moja, na spika inayohusika hujibu kwa kutoa mlio mdogo, tak, kama mtu anayegonga jino kwa kucha. Wa pili husimama ndani ya gari akasikiliza ni ipi iliyosema. Nyaya zilizovikwa ala ya njano, za mifuko ya hewa iliyofichwa kwenye usukani na deshibodi, haziulizwi kabisa. Mfuko ule haungoji kuulizwa mara mbili.

Kazi ilichukua siku nzima. Transista iliyoungua ilitolewa, ikatiwa nyengine kutoka redio iliyokufa. Maungo yote yalilehemiwa, kila moja likavikwa utepe, kwa kuwa kisiwani waya uliosokotwa tu kwa vidole haukai: hewa ya chumvi huingia, shaba ikaota kutu ya kijani, na baada ya masika mbili tatu dereva hurudi akisema video inakatika kila gari likipita shimo. Mafundi wengi husokota tu. Ni haraka, na gari huondoka likiwa limelipiwa.

Viwambo vidogo vya nyuma vilileta balaa lao. Picha ilikuja safi, lakini injini ilipokanyagwa, spika zikaanza kulia kama mbu, sauti ikipanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Kijana alikuwa ameunga ethi ya viwambo hivyo kwenye boliti ya kiti, ilhali ethi ya kiwambo kikubwa ipo mbele. Kati ya ardhi hizo mbili pana tofauti ndogo ya umeme, na uchafu wa alteneta hupita humo humo ukaingia kwenye sauti. Fundi akazileta ethi zote mahali pamoja, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa. Mbu akanyamaza.

Palibaki waya mmoja, kijani kibichi, ambao katika kiwambo kile ni wa breki ya mkono. Usipopata ethi kupitia swichi ya breki hiyo, kiwambo cha mbele hakionyeshi video, ili anayeendesha asiangalie. (Katika soketi ya Toyota rangi hiyo hiyo ni ya spika ya mbele kulia, rafiki mwengine wa uongo.) Dereva akaomba uungwe moja kwa moja kwenye bodi, kama wanavyofanya wote.

"Wageni watazame nyuma," fundi akasema. "Wewe tazama ng'ombe wa Kinyasini."

Akauunga kwenye swichi ya breki. Dereva hakufurahi. Aweza kuwa ameubadilisha kwa fundi mwengine, na gharama yake haizidi kikombe cha kahawa. Lakini chini ya mkungu ule haukubadilishwa.

Santuri ya taarabu nayo ilikataa. Ilichomwa hapa mjini kwa mpango wa PAL, wenye mistari 625 na picha zinazofagiliwa mara 50 kwa sekunde, na kiwambo cha Kijapani kilikuwa kinakijua NTSC tu, chenye mistari 525 na mara 60. Mizani mbili tofauti; mwimbaji ni mmoja. Hapo fundi hakuwa na la kufanya. Ni mpwa wake aliyeichukua santuri kwa rafiki mwenye kompyuta, akairudia kuiandika kwa NTSC, akairejesha kabla ya magharibi. Kiwambo kikawaka. Fidla zikasikika kutoka spika zote nne, kulia kulia na kushoto kushoto. Watoto wa mtaani wakajaa madirishani.

Dereva hakulipa, na fundi hakudai. Badala yake alitia mkono mfukoni akampa dereva fedha ya safari iliyompotea, na dereva akaipokea bila ya kubisha, kwa kuwa marejesho yalikuwa Ijumaa. Mpwa aliona. Siku mbili hakuja kazini.

Siku ya tatu alikuja na daftari jipya la mistari na kalamu mbili. Hakuomba radhi kwa maneno. Alivuta kigoda, akaketi upande wa kushoto wa mjomba wake, akafungua ukurasa wa kwanza, akasema: "Mjomba, nisomee. Nitaandika kwa herufi zetu."

Wakaanza. Fundi akisoma kutoka kulia, kijana akiandika kutoka kushoto, na soketi zikigeuzwa ili vitundu visipinduke. Kazi ikaenda taratibu kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu daftari lile lina masahihisho mengi. Fundi hakuwahi kuchana ukurasa. Alipokosea alipiga mstari mwembamba juu ya kosa, akaandika upya pembeni, na kosa likabaki likisomeka. Hata Mwalimu Nyerere, aliyeitoa tafsiri yake ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, aliifungua tena akaitoa upya mwaka 1969 ikiwa Juliasi Kaizari. Kijana aliuliza kama ayaandike na yaliyopigwa mstari. Mjomba akafikiri kidogo, akasema ayaandike, kwa wino mwekundu.

Walipofika ukurasa wa basi dogo la Nissan, fundi akasita. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Palikuwa na waya wa zambarau, na mbele yake maneno mawili: spika ya, kisha be na lamu tu.

"Ya mbele," akasema.

Kijana akaandika. Fundi akamzuia mkono.

"Au ya pili. Nilikuwa nikizihesabu zile za juu, moja, pili..." Akaligeuza daftari kwenye mwanga. Be ile ile kwa mb na kwa p. Irabu ile ile, lau ingekuwepo, kwa e na kwa i. Mwandishi wake alikuwa yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, na hakumwachia alama.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya msikiti, lilisimama basi la namna hiyo, mwenyewe akingoja adhana. Fundi akafungua droo, akatoa betri kavu na vipande viwili vya waya. Mwenye basi akatoa ruhusa kwa kichwa. Fundi akapiga magoti chini ya deshibodi, na kijana akapita nyuma, akaketi kati ya viti, ameinamisha kichwa.

"Sikiliza," sauti ya fundi ikatoka chini. "Naigusa."

"Sijasikia."

"Sasa?"

"Iguse tena, Mjomba. Kuna pikipiki."

Wakangoja pikipiki ipite.